Ua la Chokaa Juu ya Mlango wa Akina Mama

Fundi Salimu,

Ni mimi, Mumbua, mwanafunzi wako. Kabla hujauliza: ndiyo, nimekula. Lakini kukaa chini siwezi. Ninaandika mstari, ninaenda dirishani, ninarudi.

Kile choo chenu cha sokoni hapa Kitui kinatengenezwa. Haki tena! Kile mlichojenga wewe na mjomba wako ukiwa kijana, chenye matao na maua ya chokaa, mpaka watu wa Kanyangi wakija soko walikuwa wanaingia bila haja, kutazama tu. Tangu tukuzike kilikuwa kimefungwa. Sasa kimepata kontrakta, naye akanipa mimi kazi ya maua.

Yako yote yalikuwa yameanguka, isipokuwa moja, juu ya mlango wa akina mama. Hilo lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta, kila uchaguzi na rangi yake, mpaka mikunjo ikajaa. Kontrakta alitaka kuufunika ukuta mzima kwa vigae vyeupe. Nikawaka. Nikamwambia, ngoja niibandue hiyo rangi uone kazi ya mtu. Akasema sawa, lakini likiharibika vigae vinapanda mpaka juu.

Ungekuwepo ungeligonga kwa kucha kwanza, usikilize. Ungesema, "Mumbua, wacha pupa." Mimi nikachukua kisu.

Leo asubuhi rangi ya mwisho imetoka, na ua likanimwagikia mikononi, unga mtupu. Kumbe chokaa ilishaoza kitambo kwa unyevu uliofungiwa ndani. Rangi ndiyo ilikuwa imelishika. Ai, Fundi! Nimelia mbele ya wauza mboga wote. Mama mmoja akanipangusa uso na leso yake, akanigombeza, "Si ni ukuta tu, wewe?" Ilikuwa kazi yako ya mwisho ambayo bado ningeweza kuigusa.

Vigae vimefika, viko mlangoni. Nimesukuma maboksi nje na kusema nitachonga ua lingine. Kontrakta amenipa mpaka Ijumaa, na uso ameukunja.

Chokaa nimeshailaza majini. Sitaiga lako. Nikiiga nitakuwa nakutafuta ukutani, na hupo. Nitachonga langu, na likikaa vibaya nitalibomoa nianze tena, nakuahidi.

Lala salama, Fundi wangu. Wiki hii usiningoje kaburini. Nina kazi.

Mumbua