Saa Niliyozaliwa Sikwambii

Okoth, uliyekuwa mchumba wangu,

Dada yako alipita hapa Migori jana akienda soko la mifugo Ogwedhi, akaniletea salamu zako na swali lako. Umesikia kwamba sikuzaliwa asubuhi, na sasa unataka saa yenyewe ili unichoree nyota zangu upya. Nilicheka mpaka akanishangaa. Halafu nikakasirika, na ndiyo maana nakuandikia kabla sijapoa.

Nakumbuka kibanda chako cha kutengeneza redio kule Homa Bay, na kile kitabu cha nyota za Wazungu ulichonunua kwa muuza mitumba. Jumapili nikifika, ulikuwa unasukuma kando redio za watu, unachora duara kwa kifuniko cha sufuria, kisha unaligawa vipande kumi na viwili. Ulinifundisha vizuri, sikatai. Kila kipande ni nyumba, ulisema: ya kwanza ni mtu mwenyewe, ya saba ni ndoa. Jua linaonyesha nyota yako. Mimi wa Agosti nikawa Simba, ukanitania kwamba ndiyo maana nyama haibaki kwenye sahani yangu. Mwezi ni mambo ya moyoni. Lakini nyumba zote zinaanzia kwenye nyota inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa, na hiyo inabadilika kila baada ya saa mbili hivi. Bila saa, ulisema, ni kubahatisha tu.

Na saa yangu hukuniuliza. Ulisema Akinyi ni mtoto wa asubuhi, kila Mjaluo anajua hilo, ukaandika saa kumi na mbili na nusu. Hata mimi nilidhani hivyo. Ndipo ukaona Zohali, sayari ya mizigo na ucheleweshaji, imekaa kwenye nyumba yangu ya saba. Ulihesabu tena na tena mpaka chai ikapoa.

"Ndoa yako itakuwa nzito, Akinyi," ulisema. "Mimi naogopa." Ukavunja uchumba.

Wazee wenu walikuwa wameshakuja kwetu kujitambulisha. Mama alikuwa ameanza kuwauliza majirani mahali pa kufungia ng'ombe wa mahari. Nilikupenda sana, Okoth, na nililia mpaka nikachoka kuona aibu.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye, tukiwa tunachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilizaliwa saa nyingine kabisa. Nilikuwa nalia tu, nakataa kunyonya, basi wakaanza kunitajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Walipomtaja nyanya Akinyi, nikanyamaza na kushika titi. Jina nililirithi, wala halikuhusiana na asubuhi yoyote. Na wewe je? Jina lako ni la mtoto wa mvua, na kwenu wote wanajua ulizaliwa kwenye kiangazi kikali, ukapewa jina la babu yako. Ya kwako uliyajua, ya kwangu hukutaka hata kuyauliza.

Saa ya kweli ninayo. Duara naweza kulichora mwenyewe, na najua Zohali haitabaki kwenye nyumba ile. Sijalichora na sitalichora. Tuseme linatoka zuri: utaleta ng'ombe, utanioa, halafu siku mtoto akiugua, au kazi ikikwama, utarudi kwenye kitabu kutafuta kosa langu. Tulikuwa pamoja miaka mingi, bwana. Unajua ninavyogomba na ninavyosahau ugomvi. Mama yako alipolazwa hospitali ya Karungu, mimi ndiye niliyemwogesha, nawe umesimama mlangoni ukiniangalia. Hayo yote uliyaona kwa macho yako, na hayakukutosha.

Usimtume dada yako tena, unamsumbua bure. Nakutakia mema, na sisemi hivyo kwa uchungu. Ila ujue jambo moja: nimekuwa nikikungoja muda wote huu, hata jana asubuhi nilikuwa bado nakungoja, mpaka niliposikia umeuliza saa na hukuuliza kama bado nakupenda.

Aliyekuwa mchumba wako,
Akinyi