Mwangalie Mikono

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Zuhura,

Huku Ufukoni hatujambo. Mume wetu, babu yako, kanunua simu kubwa, anaipigia kelele kama vile uko ng'ambo ya Ruvuma.

Umeniuliza kuhusu yule anayekutukana kila ukiandika kwenye kundi la wakulima wa korosho, halafu anasema ni utani.

Harusi ya dada yangu, watani wetu walitutukana tangu asubuhi, eti wali wetu unanuka moshi. Huku wanatukana, wanateka maji na kumenya muhogo. Nikiwa napika wali, akaja mwanamume mmoja, akaanza kuicheka sura yangu. Nikadhani naye mtani, nikamjibu. Kila nikimjibu anazidi, mpaka wali ukaungua kweli.

Shangazi akaninong'oneza, "Mwangalie mikono. Tangu afike kashika nini?"

Hakuwa ameshika hata mwiko. Nikageukia sufuria, nikarudi kutaniana na watani wangu. Yeye akabaki anasema peke yake, mwisho akaondoka.

Huyo wako amewahi kumsaidia nani humo kundini?

Wali ule tuliula na watani. Mpaka leo wananicheka, na mpaka leo harusi zetu ni wao wanaoteka maji.

Bibi yako,
Somoe