Kitambaa Juu ya Simu

Mjukuu wangu Achieng',

Hapa Komarock tu wazima, babu yako anazozana na kuku wake tu. Umeuliza kama hunisumbui ukinipigia simu kila mara.

Miaka ya tisini nilikuwa nikipakia kurasa za kwaya yetu kwenye mtandao kupitia laini ya simu. Nikifunika simu kwa kitambaa, majirani waliokuja kuazima simu yangu walijua wakiinua mkono wa simu, kazi itakatika.

Siku moja Mama Otieno aliingia, akaona kitambaa, akaketi kando yake.

"Wangoja nini?" nikamuuliza.

"Kupiga simu hospitalini. Binti yangu anajifungua."

Nilichomoa waya wa kompyuta papo hapo. Picha ya kwaya ilifika mtandaoni vichwa bila miili, lakini Mama Otieno alipopata habari kuwa mtoto amezaliwa salama, sebule yangu ilijaa vigelegele.

Wewe piga tu. Kitambaa nilishakitoa.

Nyanya yako