Koyote wa Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 17 Aprili

Nusu paka. Nusu! Kwenye changarawe zangu, kando ya sanduku la barua, kahawa yenyewe sijainywa. Miguu ya nyuma na mkia tu. Manyoya ya rangi ya chungwa – Olaf, paka wa jirani yangu Joyce. Nimetapikia dungusi, miiba na yote.

Tepín, mbwa wangu, alitaka kumnusa. Kilo tatu hafiki, miaka kumi na minne, jicho moja bovu. Nikamnyakua. Angekuwa yeye je?

Joyce akaja na taulo, analia, eti Olaf alihitaji uhuru wake. Uhuru! Nani hapa Tucson hajui kwamba majira haya koyote, hawa mbwa-mwitu wa jangwani, wana watoto shimoni, na kila chenye nyama ni chakula? Majirani wengine watatu wakatoka. Kusaidia? Wapi! Simu mkononi, wanapiga picha. Koleo nilishika mimi. Ptuu.

Jumatano, 19 Aprili

Nimemwona koyote mwenyewe. Saa kumi na moja jioni, jua bado linachoma, amekaa kitako kwenye korongo kavu nyuma ya ukuta wetu. Kama mgeni aliyealikwa! Nimegonga sufuria, nimepiga kelele. Akanitazama tu. Ubavu mmoja umenyonyoka manyoya, mate yanamtiririka. Kinyaa kitupu.

Najua kinachomleta. Joyce anamwagia kwale mbegu; mbegu zinaleta panya, panya wanamleta huyu. Nilimwambia tangu Januari. Akanijibu eti wale kwale ndio familia aliyobaki nayo. Familia!

Ernie, mume wangu, amekula nje barazani, kama kawaida yake siku hizi. Kuku wa kuchemsha bila ngozi, boga, karoti. Daktari alisema sukari isiposhuka, miguu yake iko hatarini. Karoti nazikata kwa kile kisu cha marehemu mama kinachoacha kingo za mawimbi, angalau zivutie macho. Sahani imerudi nyeupe pe! Miezi mitatu sasa. Mwanamume aliyekulia kwenye soseji za mafuta! Najisifu, ndiyo.

Ijumaa, 21 Aprili

Kinyesi cha koyote, mlangoni kwangu! Kimejaa manyoya ya rangi ya chungwa. Maskini Olaf. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumapili, 23 Aprili

Mkutano wa mtaa, ndani ya gereji ya watu. Mmoja anataka sumu. Mwingine anasema koyote walikuwepo kabla yetu – yeye mwenyewe kahamia mwaka jana. Wa tatu kaleta vizibao vya miiba vya kuwavisha mbwa wadogo. Anauza!

Nikasimama. Nikasema anayemlisha yule mnyama tunamjua. Nikamkazia macho Joyce.

"Ramona, mbegu si nyama," akasema.

"Nyani haoni kundule!" nikamjibu. Watu wakacheka. Joyce akaweka kikombe chake chini, bado kimejaa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Sikumwonea huruma.

Jumanne, 25 Aprili

Ameruka ukuta!! Saa kumi na moja na nusu. Ernie alikuwa amecheleweshwa kliniki, mimi nafua. Nikasikia Tepín analia mlio ambao sijawahi kuusikia. Koyote kamshika shingoni. Nilimtandika kwa fagio mpaka mpini ukavunjika, ndipo akamwachia. Mishono sita. Sasa Tepín yuko kikapuni, anatetemeka, anajikojolea. Mikono yangu bado inanuka yule mnyama. Nimeiosha mara nne.

Ernie karudi kanyong'onyea. Sukari imepanda. Imepanda! Kwa chakula kile? Labda mashine yao mbovu.

Nimewapigia simu watu wa wanyamapori. Nimewatajia Joyce, jina na namba ya nyumba.

Ijumaa, 28 Aprili

Afisa amekuja, Bi. Tsosie. Mpole, hana haraka. Anasema koyote asiyeogopa watu ni koyote anayelishwa, na huyu hawezi tena kuhamishwa. Atauawa. Watoto wake nao hawatadumu. Anayemlisha atapigwa faini. Akanipa fomu nisaini kwamba nilimwona Joyce akimlisha. Joyce alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, amekumbatia chombo chake cha mbegu za kwale.

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Bi. Tsosie akavaa glavu, akachambua kinyesi kipya kwa kijiti. Nikaziba pua. Panya. Mifupa ya kuku. Halafu kipande cha rangi ya chungwa – si manyoya. Akakiinua juani.

"Karoti," akasema. "Ndege hawapewi karoti, Bi. Quijada. Tena tazama ilivyokatwa."

Mawimbi.

Nikasema nakwenda kutafuta miwani. Niko jikoni, naandika juu ya droo ya visu. Mate yamenijaa mdomoni. Safari hii si kwa sababu ya kinyesi. Miezi mitatu nimemenya, nimekata, nimechemsha, nikamsifu mume wangu kwa majirani! Yeye anakula nini, na wapi, Mungu ndiye ajuaye. Na Jumanne Ernie hakuwepo barazani kumpa – mgeni akaja kujipakulia. Tepín wangu!

Saa kumi na moja hii hapa. Dirishani naona masikio mawili ng'ambo ya ukuta. Ernie ameinuka na sahani. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anausogelea ukuta.

Sasa kaingia. "Nimemaliza yote, bibie," anasema, anaiweka kwenye sinki. Nyeupe pe. Ameona uso wangu.

Bi. Tsosie anabisha mlango wa mbele. "Bi. Quijada? Umeipata miwani?"

Miwani nimeivaa.