Nikimzoea, Akienda Je?

Kilosa

Mdogo wangu mpenzi Nakundwa,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, kwa kuwa najua ukiuona mwandiko huu utasema shikamoo dada hata kama uko peke yako jikoni. Goti linakuruhusu kupanda kwenda kanisani, au bado unashinda nyumbani na kusingizia mvua? Kifua cha shemeji kimetulia? Hali ya hewa ya huko Upareni naikumbuka sana siku hizi, maana joto la Kilosa linanishinda.

Mimi nipo, ila moyo umechoka. Daktari aliusikiliza, akakunja mpira wake wa kupimia bila kusema neno. Nami niliyezeeka katika kazi ya uuguzi najua maana ya daktari kunyamaza. Miguu imevimba, na kulala chali siwezi tena. Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na hofu yenyewe haina mwingine wa kuambiwa ila wewe.

Nianze na mjukuu wetu Namsifu, binti wa Yoeli wangu. Nilikwisha kukueleza kuwa yeye na mumewe walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mikumi. Basi uchungu ulimshika kabla ya wakati, akipalilia shamba la kijiji. Wakampakia kwenye lori la miwa la Kidodi lililokuwa linakuja huku tupu kufuata vipuri. Alipofika hospitali alijifungua mtoto wa kiume, mdogo mno, ngozi yake nyepesi hata mishipa inaonekana.

Sanduku la kioo la kuwapashia joto watoto kama hao lipo, lakini limeharibika, limesimama pembeni kama kabati. Ndiyo maana kuna daktari kijana aliyetoka Dar es Salaam anafanya utafiti. Anataka kujua kwa nini watoto wachanga wagonjwa wanatufia, na tuwaokoeje kwa vitu tulivyo navyo. Baadhi yao wanalazwa kitandani na chupa za maji ya moto, kama tulivyofundishwa zamani. Wengine wanafungwa kwa khanga kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na kunyweshwa maziwa ya mama kwa kijiko. Anawapima joto na kulinganisha. Aliniomba nikongojee wodini nimsaidie, kwa kuwa kuna swali moja akina mama hawamjibu sawasawa mwanamume: umezaa wangapi?

Nilianza na Mama Hadija wa Mabwerebwere, mwenye maneno kuliko wodi nzima. Mtoto wake alikuwa amefungwa kifuani.

“Wenzangu wanazaa wanapumzika,” akasema. “Mimi nimezaa na mimba ninayo bado, ila sasa naibeba kwa nje!”

Wodi ikacheka. Nikamwuliza amezaa wangapi.

“Wawili.”

“Na waliorudi kwa Mungu kabla kitovu hakijaanguka?”

Kicheko kikakatika. “Kwani hao nao wanahesabiwa, bibi?”

“Daktari anasema wanahesabiwa.”

Akatazama dirishani. “Basi watano.” Kisha akanigeukia. “Na wewe? Unatuchambua kama mchele. Wako wangapi?”

“Watatu,” nikasema.

Wewe unajua, Nakundwa, kwamba nilidanganya.

Kitanda kilichofuata kilikuwa cha Namsifu. Mtoto wake alipangiwa kufungwa kifuani, lakini yeye alikuwa amemlaza pembeni na kumpa mgongo. Hajamtazama uso, hajampa jina. Nikamwambia amchukue.

“Mfunge wewe, bibi.”

“Kifua changu hakina joto tena. Kwa nini humtaki?”

“Sijasema simtaki.” Akajivutia shuka hadi mabegani. “Nikimzoea, akienda je?”

“We binti!” Mama Hadija akaingilia. “Usipomzoea, akienda hutalia? Mfunge, bwana!”

“Niache, dada.”

Nilikaa chini ghafla, wakadhani ni moyo. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema kwa Kipare katika chumba cha ndani cha mama yetu, nilipoletwa nyumbani kuzaa mara ya kwanza. Mama aliniwekea mtoto mapajani, nikageukia ukuta. Akamlaza kwenye kikapu karibu na moto. Wewe ulikuwa msichana mdogo unayetuletea maji. Ndiwe uliyemtoa kikapuni ukampakata, mpaka mama akakugombeza. Mtoto alipofariki, wanawake walimzika nyuma ya migomba bila kilio. Mume wangu alikuwa huku relini, naye hakuambiwa mpaka anakufa. Nami nikajifunza kusema watatu.

Sisemi ningemwokoa. Pengine angekwenda tu. Ninachoogopa ni kingine. Ninakwenda aliko, mdogo wangu, nami sitamtambua. Sikumtazama uso.

Hayo yote nilimweleza Namsifu. Akasikiliza, kisha akauliza, “Aliitwa nani?”

“Hakuitwa.”

Akamgeukia mtoto, akamtazama uso. Halafu akafungua vifungo vya blauzi. “Mlete.”

Fundo la khanga nililifunga mimi. Tangu hapo hajamtoa kifuani, na amemwita Eliya. Lakini jana mtoto aliacha kupumua. Namsifu akamsugua mgongo huku anamwita, “Eliya! Eliya!”, mpaka akavuta pumzi. Kitovu bado hakijaanguka. Naogopa kila mlango wa wodi unapofunguliwa. Sijui nani atatangulia, yeye au mimi, na Mungu ananisikia ninavyomsihi niwe mimi.

Nisalimie shemeji, na binti yako mwalimu, na mjomba wetu asiyesikia, umsalimie kwa sauti. Mke wa marehemu kaka mwambie sijasahau ndizi zake.

Siku yangu ikifika, watasoma kanisani kwamba marehemu alijaliwa watoto watatu. Wewe simama, hata kwa goti hilo, uwasahihishe. Na kabla ya siku hiyo, usichelewe kunijibu. Wewe ulimpakata. Niandikie alikuwa na uso wa namna gani.

Ni mimi dada yako, mama wa wanne,

Eliwaza