Kizibao Namba Saba

Oliva, pokea simu! Nimefanya ujinga, bado niko hapa uwanjani.

Vile vizibao vya kocha Gaudence tunavyovaa ndani ya jezi, vyenye kifaa cha mgongoni kinachopima kasi na mapigo ya moyo. Matokeo ya leo yanakwenda kwa wanaochagua timu ya mkoa. Mbio zangu unazijua mwenyewe. Nikabadilishana kizibao na Walburga, mwenzetu anayetushinda wote kwa kasi! Yeye akavaa namba saba yangu, mimi nikavaa yake.

Mazoezi yakaisha, watu wakaondoka, kocha akaniita. Mimi nikajua nasifiwa.

Akasema, "Kaa chini. Usitembee. Kasi ni nzuri, lakini moyo wako umefika mapigo mia mbili na kumi na nne, na kwa dakika kumi za mapumziko hayakushuka. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Moyo wangu? Oliva, si wangu. Si wangu!

Na Walburga ameshaondoka, anapandisha vilima kwa baiskeli kwenda kwao Mpitimbi. Simu haipatikani. Nimepiga mara kumi na moja.

Nimemwambia kocha ukweli. Nilijua atanifokea. Wala. Kachukua ufunguo wa pikipiki amfuate. Kabla hajawasha akaniuliza, "Kwenye mbio za mwisho nilimwona anataka kusimama. Nani alimpigia kelele akaze?"

Nikainamia simu, nikakupigia wewe.

Ni mimi, Oliva. Alikuwa ameshika kifua. Nikamwambia, "Malizia bwana, hiyo ni kasi yangu!"