Mtani Niliyemfukuza Msibani Kwako

Baba yangu,

Leo nimerudi Shanwe kutoka Kasokola, kwa mtani wako Shija. Hata viatu sijavua. Nimekaa jikoni kwako nakuandikia, maana nikinyamaza nitapasuka.

Unakumbuka ulipokuwa mpishi wa wale wataalamu wa nyuki kule Ugalla? Ulikuwa ukirudi nyumbani unanukia moshi, unanikalisha, unanisimulia neno lao moja, grine. Kwa yule wa Denmark, ulisema, ni kucheka. Kwa yule wa Norwei, ni kulia. "Na hao ni majirani, mwanangu. Wanasikilizana vizuri tu mpaka wafike hapo." Kisha unavaa kofia yako ya wavu, ile ya kurinia asali, unawaigiza wote wawili, mmoja akicheka, mwenzake akifuta machozi. Mama anakwambia uache upuuzi, chakula kinapoa. Mimi nataka urudie.

Wiki tatu zilizopita tulikuzika. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, Shija akaingia uani na kofia yako kichwani, anachechemea kama wewe, anapaza sauti, "Grine! Haya nyie, chekeni kama wa Denmark!" Watu wakacheka. Baba, nilijua vizuri kwamba mtani ana haki yake ya kutania hata msibani. Nimekua nikiyaona hayo. Lakini siku hiyo roho ilikataa. Nilimvua kofia mbele za watu nikamwambia atoke. Akatoka, na makaburini hakufika. Shangazi alinishika mkono, akaniuliza, "Umefanya nini, wewe?"

Leo nimempelekea kuku, nikamwomba msamaha. Alinisamehe bila shida. Nikampa na kofia, nikamsihi amalizie pale nilipomkatiza. Aliishika muda mrefu, halafu akanirudishia.

"Mwanangu, sikuwa namfanyia mzaha baba yako. Nilikuwa namuaga. Sisi watani hatuna kwaheri nyingine. Sasa keshazikwa, nimwambie nani?"

Nimerudi na kofia yako. Miaka yote ile mlitukanana na kucheka pamoja, na mimi ndiye niliyewaachanisha bila kuagana. Inaniuma, baba. Inaniuma kuliko hata kukuzika.

Sasa nimeivaa kofia mwenyewe, hapa hapa jikoni, nijaribu kumalizia kwa niaba yake. Yule wa Norwei nimemweza. Yule wa Denmark amenishinda kabisa.

Pumzika, baba. Shija anakusalimu.

Binti yako